Siku Tano Nikimfuata Ruth Bascom, Mchora Vivuli wa Massachusetts

Jumanne. Lowell

Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikajinyoosha hadi saa tano, kisha nikafunga begi. Nina likizo ya siku tano na sipandi ndege yoyote. Nitazunguka hapa hapa Massachusetts nikimfuata mama mmoja aliyezaliwa mwaka 1772 na kufariki mwaka 1848. Jina lake Ruth Henshaw Bascom, mke wa mchungaji. Alichora nyuso za majirani zake kwa kufuata mstari wa vivuli vyao.

Nieleze kwanza nilivyomjua. Kazi yangu ni kutunza wazee. Chumbani kwa bibi mmoja ninayemhudumia pana picha ndogo kwenye fremu, nakala ya kuchapwa tu, ya mwanamke anayetazama upande. Miaka miwili nimemlisha bibi yule uji wa asubuhi huku picha ile ikining'inia juu ya kichwa chake, na kila nikiitazama nahisi kama naijua. Siku moja ndipo nikang'amua. Mimi wazee wangu nawajua kwa ubavu. Ukimlisha mtu, ukimwosha, ukimchana nywele, hukai mbele yake, unakaa pembeni. Najua mkunjo ulio chini ya sikio la kila mmoja wao. Na mchoraji yule naye alikuwa amekaa palepale ninapokaa mimi. Nikaigeuza fremu nikasoma jina nyuma, na tangu siku hiyo sijatulia.

Dereva ni wifi yangu. Hana habari na mambo ya michoro, lakini ana gari na ana moyo. Tulipokuwa tunapakia mizigo akaniuliza, "Wifi, huyu mama kwetu ni nani hasa?"

"Si wa kwetu. Ni wa hapa."

"Basi na sisi ni wa hapa sasa. Twende."

Tumeanzia mjini kwetu kwenyewe, kwa sababu Lowell ina Ruth wake. Huyu ni Ruth Whittier Shute, aliyezaliwa mwaka 1803. Mumewe, Samuel Addison Shute, alikuwa daktari wa tiba, lakini wote wawili walichora. Kwenye baadhi ya picha zao wameandika kwamba kuchora amechora R. W. Shute na kupaka rangi amepaka S. A. Shute. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inanifurahisha: mke anaanza na mistari, mume anafuata na brashi, na majina yote mawili yanabaki kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 walikuja Lowell wakawachora wasichana waliofanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Samuel alifariki mwaka 1836. Ruth akabaki na watoto, akaendelea kuchora peke yake, baadaye akaolewa tena na kuhamia Kentucky, na kule akaishi hadi mwaka 1882.

Tumeingia makumbusho ya kiwanda cha Boott, pale kando ya mfereji. Ghorofa ya chini bado wanawasha mitambo ya kufuma. Wanakupa vizibo vya masikio mlangoni, na hata ukiviweka, sakafu inakutetemesha hadi magotini. Wasichana wale walisimama katikati ya kishindo hicho saa kumi na mbili, kumi na tatu kwa siku. Wengi walikuwa mabinti wa wakulima, na kwa mara ya kwanza walikuwa na fedha zao mkononi. Wengine walichukua kidogo katika mshahara huo wakamlipa mchoraji. Nawaelewa kabisa. Mimi mshahara wangu wa kwanza Marekani nilikwenda studio kupiga picha nikiwa na koti jipya, nikaituma Mombasa.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita bila kulisema, maana linatugusa. Bibi yangu, kitambaa cha pamba kisichopaushwa alikiita merikani. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba jina lile ni la nchi. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitiliana saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, mji ulio pwani ya jimbo hili hili, akafika Unguja kuwa konsuli. Meli za Salem zilileta kwetu nguo za viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Na pamba yenyewe ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nimesimama mbele ya mtambo ule nikamweleza wifi yote haya kwa kupiga kelele sikioni mwake. Akaupapasa uzi uliotandwa kwenye mtambo kwa kidole kimoja, akanyamaza mpaka tulipotoka nje.

Jumatano. Worcester

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Worcester ni mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwetu. American Antiquarian Society, maktaba ya mambo ya kale ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1812, na ndiko ziliko shajara za Ruth Bascom. Alianza kuandika mwaka 1789, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na hakuacha hadi mwaka 1846. Hesabu mwenyewe: miaka 57. Nimewahi kununua madaftari mengi ya mwaka mpya, na hakuna hata moja lililofika Machi.

Unaacha begi lako kwenye kabati, unaingia na karatasi na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Mkutubi aliyenipokea alikuwa mpole, akanionyesha namna ya kusoma mwandiko wa zamani, ile herufi ya S inayofanana na F. Wifi amekaa kwenye benchi nje kwenye jua, akiongea na simu.

Nilidhani nitakuta habari za uchoraji. Nimekuta habari za hali ya hewa. Kila siku inaanza na mbingu: mawingu, theluji, jua, upepo. Kisha kazi. Amesokota. Amefuma. Amepiga pasi. Ameshona kofia za kike, zile za kufunga utepe kidevuni, na alikuwa hodari wa kofia hizo hata watu wengine walikuja kwake awashonee. Fulani amekuja kunywa chai. Fulani amejifungua. Fulani amefariki, na yeye amekwenda kukesha na wafiwa. Amefundisha shule ya watoto majira ya joto. Na humo humo katikati, bila kubadilisha sauti, ameandika kwamba amechora uso wa mtu.

Hapo nimekaa muda mrefu. Kazini kwetu tuna kitabu cha zamu. Tunaandika: amekula nusu, amelala vizuri, amebadilishwa saa nane, ameulizia mwanawe. Mstari mmoja, mtu mwingine, mstari mmoja. Ukikisoma kitabu kile bila kuwajua watu utaona ni orodha kavu. Ukiwajua, kila mstari una uso. Shajara hii ni kitabu cha zamu cha mji mzima, na zamu imeshikwa na mtu mmoja kwa nusu karne na zaidi.

Watu wa sanaa wanaitafuta mistari ile ya uchoraji, wanaitoa, wanaihesabu. Wamepata picha zaidi ya elfu moja alizozitaja mwenyewe. Zinazojulikana ziliko leo ni chache sana kuliko hizo. Nawashukuru kwa kazi hiyo, maana mara nyingi hakutia jina lake kwenye picha, na shajara ndiyo iliyosaidia kuzirudisha kwake: tarehe hii, kijiji hiki, mtoto wa nyumba hii. Lakini nahisi ukiitoa mistari ile peke yake umeuondoa uzi kwenye nguo. Mikono iliyokata uso wa mtu kwenye karatasi ndiyo iliyokata kofia asubuhi. Mkasi ni ule ule. Hakuwa mke wa mchungaji aliyejificha akawa msanii. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi, na nyuso zilikuwa mojawapo.

Jambo jingine lililonishika: picha nyingi zilizobaki ni za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Maana yake alikuwa ameshavuka hamsini. Alikuwa ameshakuwa mjane mara moja, maana mume wake wa kwanza, Asa Miles, hakukaa naye muda mrefu. Aliolewa tena mwaka 1806 na mchungaji Ezekiel Lysander Bascom. Mtu angesema huyu mama sasa apumzike, afume soksi. Yeye ndiyo kwanza anabeba chaki zake anakwenda nyumba hadi nyumba. Na mara nyingi hakutoza kitu. Akitoza, ni kidogo. Tumetoka saa kumi jioni, nikamwambia wifi habari ya hamsini hiyo, naye ana arobaini na tisa. Akasema, "Alhamdulillahi, bado nina mwaka."

Alhamisi. Leicester, kisha Phillipston

Leicester ni karibu sana na Worcester, unapanda mlima tu umefika. Hapa ndipo alipozaliwa, mtoto wa kwanza kati ya kumi. Baba yake, Kanali William Henshaw, anakumbukwa kwa kuwa miongoni mwa waliohimiza kuwe na wanamgambo watakaoitika mara moja wakati ugomvi na Waingereza ulipokuwa unachemka. Ruth alikuwa na miaka miwili vita vilipoanza mwaka 1775.

Mji ni uwanja wa majani, kanisa, barabara kuu yenye magari mengi. Tumetembea makaburini kidogo, mawe ya zamani yamelala upande. Lakini kilichonivutia Leicester ni kitu kidogo kinachokuna sufu. Zamani mji huu ulisifika kwa kutengeneza vichanuo vya kuchambulia sufu na pamba, ngozi iliyochomekwa meno ya waya mamia kwa mamia. Pliny Earle wa hapa ndiye aliyemtengenezea Samuel Slater, mwenye mashine za kusokota pamba, vichanuo vya mashine yake mwaka 1790. Meno yale yalichomekwa kwa mkono na wanawake na watoto, majumbani, jioni baada ya kazi nyingine. Nawaza msichana Ruth amekulia katika mji ambao vidole vya kila mtu vilikuwa na shughuli ndogo ndogo za namna hiyo, jino kwa jino. Ukiona baadaye alivyokuwa anakata karatasi, hushangai.

Mchana tukaelekea kaskazini magharibi. Barabara inapita msituni, na miti imeanza kugeuka rangi kwenye ncha tu. Phillipston ni mji mdogo juu ya kilima. Alipofika hapa kama bibi harusi mwaka 1806 uliitwa Gerry, kwa heshima ya mwanasiasa Elbridge Gerry. Siasa zikabadilika, wenyeji wakachukizwa na msimamo wa Gerry, na mwaka 1814 wakalifuta jina lake wakaweka la William Phillips. Kwa hiyo yumkini mama mchungaji alilala Gerry akaamka Phillipston bila kuhama kitanda. Watu wa Pwani tunajua mitaa inayobadilishwa majina, lakini mji mzima!

Hatukukaa. Kuna kanisa jeupe, kuna upepo, hapana mtu. Wifi alipiga picha ya kanisa, nikapiga ya wifi.

Ijumaa. Ashby na jirani yake

Familia ya Bascom ilihamia Ashby mwanzoni mwa miaka ya 1820, mumewe akiwa mchungaji hapa. Jengo la kanisa la mwaka 1809 bado limesimama kileleni mwa uwanja. Nimezunguka nje nikitafuta madirisha, nikifikiria mwanga. Mwenye kuchora vivuli lazima awe mtu wa kuwaza mwanga.

Jana jioni nilikuwa nimepigia simu nyumba ndogo ya historia katika mji mmoja wa jirani ambako niliambiwa ipo picha yake. Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa, na kibao kinasema wamefunga msimu. Nilikaribia kulia. Ni kosa la maelewano, aliyenijibu simu alidhani nakuja wiki nyingine. Lakini wifi si mtu wa kukubali mlango. Alikwenda ofisi ya mji, akaeleza, akaeleza tena, na baada ya saa moja na nusu akaja mzee mmoja wa kujitolea na funguo, bado amevaa buti za shambani. Mungu ambariki.

Picha iko kwenye ukuta usiopigwa na jua. Ni ya bibi mzee, kichwa na mabega, ukubwa wa mtu mwenyewe. Hicho ndicho hakionekani kwenye nakala ya chumbani kwa bibi yangu wa kazini: ukubwa. Unasimama mbele yake, na kichwa chake ni sawa na kichwa chako. Ni kama mtu amekaa dirishani upande wa pili wa ukuta, anatazama barabara.

Mzee alituwashia tochi kwa upande ili tuone umbile la karatasi. Hapo ndipo nilipoona ufundi. Mwili haukuchorwa juu ya karatasi ya nyuma. Umekatwa peke yake, kwa mkasi, kuanzia ncha ya kofia kupita paji la uso, pua, midomo, kidevu hadi kifuani, kisha ukabandikwa juu ya karatasi nyingine yenye rangi. Chini ya kidevu gundi imeachia kidogo, ukingo umeinuka kiasi cha unene wa kucha, na ukingo ule una kivuli chake chenyewe. Shavu limepakwa chaki ya rangi ya waridi, ikasuguliwa kwa kidole mpaka ikalainika. Utepe wa kofia umeachwa mweupe wa karatasi. Na miwani! Fremu ya miwani haikuchorwa. Ni karatasi ya bati inayong'aa, imekatwa nyembamba kama uzi wa kushonea, ikabandikwa juu ya jicho. Tochi ilipopita, miwani ikametameta, na wifi, ambaye siku tatu amekuwa akinivumilia, akashika mdomo.

"Wifi, amemvalisha miwani kweli."

Mzee akatueleza kwa nini lazima kuwe na kioo. Chaki ile ni unga tu ulioshikwa na gundi kidogo, ukitikisa fremu unadondoka. Kila picha ya namna hii iliyobaki imebaki kwa sababu kuna mtu aliihamisha kwa uangalifu, nyumba kwa nyumba, karibu miaka mia mbili.

Kuna wanaosema alichora ubavu kwa sababu hakusoma, hakujua kuchora uso wa mbele. Ni kweli hakuingia chuo, na ni kweli ubavu ni rahisi zaidi. Lakini nimeitazama picha ile kwa dakika arobaini na sikubali kwamba ni upungufu. Ubavuni mtu hajipangi. Ukimtazama mtu usoni anakupa uso aliouandaa. Ukikaa pembeni yake, anausahau. Bibi yule wa kwenye picha amechoka kidogo, mdomo wa chini umetangulia, na hajui kama tumemwona.

Desturi ya picha za vivuli haikuwa yake peke yake. Ilienea Ulaya na Marekani, kwa sababu ilikuwa picha ya bei ya mtu wa kawaida. Na nina jina moja la kutaja hapa kwa fahari. Huko Philadelphia, kwenye makumbusho ya mchoraji Charles Willson Peale, aliyekuwa akikata vivuli vya wageni ni Moses Williams, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya Peale, akapata uhuru wake mwaka 1802. Kuna mashine iliyofuata mstari wa uso, lakini mkasi ulikuwa mkononi mwake, na mwaka 1803 tu zilikatwa pale picha zaidi ya 8,000. Watu wengi wa mji walikaa mbele ya Moses. Nikisema wachoraji wa watu wa Marekani wa zamani, yeye namhesabu.

Usiku huo huo, nyumba ya wageni

Siwezi kulala kabla sijaandika hili. Nilinunua karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi, nikaibandika ukutani kwa utepe, nikamkalisha wifi ubavu, nikaweka taa ya mezani upande wa pili.

Mara ya kwanza pua ikawa kama ya tembo. Taa ikiwa karibu, kivuli kinavimba. Tukajifunza kidogo kidogo: kichwa kiwe karibu na karatasi hata bega liguse, taa iwe mbali, na anayekaa asipumue kwa nguvu. Wifi akasema nifanye haraka, shingo inamkaza. Kivuli kinatetemeka, penseli inakifuata, mtu akimeza mate kidevu kinakukimbia. Nilifuta mara nne.

Kisha nikagundua kitu ambacho hakuna maelezo yaliyonifundisha. Kivuli kinakupa ukingo tu. Hakina jicho, hakina sikio, hakina nywele wala mshono wa kanga. Ukishamaliza mstari, huyo mtu si mtu bado, ni shimo lenye umbo la mtu. Yote ya ndani lazima uyatazame mwenyewe, tena karibu. Nilitumia nusu saa kwenye sikio la wifi peke yake. Nimemjua miaka kumi na mbili na sikuwa najua kwamba ana tundu la pili la hereni, limeziba, juu ya lile analovaa.

"La nini hilo?"

"Tulitoboana na dada yangu kwa sindano ya mama. Mama alitupiga wote wawili."

Dada yake alifariki. Akanihadithia habari zake hadi saa sita usiku, ubavu vilevile, bila kugeuza shingo, maana nilikuwa bado nachora. Nadhani ndivyo nyumba zile za Ashby zilivyokuwa. Mtu amekaa, hatakiwi kusogea, na mama mchungaji anatazama sikio lake. Shajara yake imejaa habari za watu, na sasa najua nyingine alizipatia wapi.

Jumamosi. Fitzwilliam, na nyumbani

Tumevuka mpaka kuingia New Hampshire. Fitzwilliam ni uwanja wa majani na nyumba nyeupe, na ukitoka mjini unauona mlima Monadnock, mita 965, umekaa peke yake bila ndugu. Bascom alifahamika pande hizi pia. Mumewe alifariki mwaka 1841.

Tumekaa kwenye nyasi tukala sambusa za juzi, nikamsimulia wifi habari za wachoraji wenzake Bascom. Deborah Goldsmith wa jimbo la New York, aliyezaliwa mwaka 1808, alichora ili awasaidie wazazi wake wazee. Alikuwa anakaa nyumbani kwa watu anaowachora mpaka amalize familia nzima, kisha anahamia nyumba nyingine. Akaolewa mwaka 1832 na kijana wa familia mojawapo, George Throop. Alifariki mwaka 1836, umri miaka 27. Wifi akauliza watoto wangapi, nikamwambia wawili, akatikisa kichwa. Na Susan Waters, aliyezaliwa mwaka 1823, ambaye alizunguka New York na Pennsylvania akichora familia akiwa na miaka ishirini na kidogo tu. Yeye aliishi hadi mwaka 1900, akaja kuchora wanyama, hasa kondoo, na kazi zake zikaonyeshwa Philadelphia kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1876.

Mwaka 1839 ufundi wa picha za kamera za Daguerre ulitangazwa Paris, na haukuchukua muda ukavuka bahari. Muda si mrefu mkulima wa kawaida aliweza kukaa mbele ya sanduku akatoka na uso wake kwenye bamba linalong'aa. Wachoraji wengi wa kuzunguka walikosa kazi. Susan Waters mwenyewe alishika kamera kwa muda. Ruth Bascom alikuwa na miaka 66 habari ile ilipotoka, na aliendelea kuandika shajara yake.

Wakati wa kurudi, ile karatasi ya kaki tulikuwa tumeikunja mviringo kwenye kiti cha nyuma. Tulipofika karibu na Lowell wifi akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akaichukua, akaifungua juu ya boneti. Alijitazama muda. Pua nimeipatia. Kidevu kimezidi. Sikio, naliapia, ni lake.

"Nataka kumpelekea mama Mombasa," akasema. "Andika jina langu nyuma."

Nikatoa penseli.

"Na lako, wifi. Usifanye kama yule mama. Andika na lako."

Nikaigeuza karatasi nikaandika majina yote mawili, tarehe, na chini yake: mawingu asubuhi, jua kuanzia saa sita, upepo kidogo.